Vifungo vya shati vimenishinda, na sitaki kuvishwa kama mtoto

Mpendwa mshauri,

Nina umri wa miaka 68. Nilifundisha hisabati sekondari kwa miaka 34, na katika muda wote huo sikuwahi kuingia darasani bila shati lililopigwa pasi na tai. Miaka mitatu iliyopita niliambiwa nina ugonjwa wa Parkinson. Ulianzia mkono wa kulia. Kidole gumba kilikuwa kinacheza chenyewe nikikaa kimya, kisha mwandiko ukawa unapungua, herufi zinakuwa ndogo ndogo mpaka mimi mwenyewe nashindwa kuzisoma.

Kutetemeka nimeshakuzoea. Kinachonitesa ni asubuhi. Misa ya kwanza ni saa 1. Naamka saa 11 alfajiri, naoga, nakaa kitandani kuvaa, na saa 1 kasorobo inanikuta bado niko kwenye kifungo cha tatu. Kifungo nakiona, tundu naliona, vidole haviendi. Suruali nayo, nikiinua mguu mmoja, ule uliobaki chini hautulii. Mwezi uliopita niliangukia kabati. Sikuvunjika, ni bega tu lilivimba, lakini tangu siku hiyo naogopa.

Mke wangu ananisaidia, Mungu ambariki, ila ana haraka. Anavuta mkono, anafunga vifungo vyote kwa pumzi moja, huku ananiuliza funguo ziko wapi na bahasha ya sadaka nimeiweka wapi. Mimi napandisha hasira, namwambia aniache, naye anatoka nje kulia. Jumapili mbili zilizopita hatukwenda kanisani kabisa. Nilishinda na bukta na singlendi, na wageni walipokuja nilijifanya nimelala.

Dawa natumia, ile ya levodopa. Kidonge cha kwanza nakunywa tukirudi kanisani, kama saa 3, pamoja na chai ya maziwa na mayai, kwa sababu zamani kilinichafua tumbo nikaambiwa nisikinywe bila chakula. Kwenye saa 5 hivi ndipo mwili unafunguka, na hapo naweza hata kuchambua mchele.

Ndugu zangu kijijini wanasema nimetupiwa kitu. Hilo siliamini. Ninachouliza ni hiki: je, ndiyo nimefika pa kuvishwa na kuvuliwa? Na kama bado, niambie nifanye nini, na uniambie kwa nini, maana mimi hatua nisiyoielewa siifuati.

Mwalimu mstaafu, Morogoro

*

Shikamoo Mwalimu, na salamu nyingi kwa mama.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimerudi kwenye sentensi ambayo wewe umeipita haraka. Kidonge cha kwanza unakunywa saa 3. Vifungo unavifunga saa 12. Kwa hiyo muda wote unaopigana na shati, mwilini hakuna dawa. Ile uliyokunywa jana jioni ilishakwisha usiku, na ya leo bado iko kwenye pakiti. Nakusihi tuanzie hapo, kabla ya kuugusa mtindo wa shati au subira ya mke wako.

Umetaka sababu. Ndani kabisa ya ubongo kuna chembe zinazotengeneza dopamini, na dopamini ndiyo inayoufanya mwili utende mambo ya mazoea bila kuyafikiria: kutembea, kuandika, kufunga kifungo. Katika Parkinson chembe hizo zinakufa kidogo kidogo. Levodopa ikifika kwenye ubongo inageuzwa kuwa dopamini, ndiyo maana saa 5 unachambua mchele. Watu wengi huanza kuisikia ikifanya kazi nusu saa hadi saa moja baada ya kuimeza. Ila ina mpinzani: protini. Mayai, maziwa, nyama na maharage yakiingia tumboni pamoja nayo, vyote vinagombania njia ileile ya kutoka kwenye utumbo kuingia kwenye damu, na kidonge kinachelewa au kinafika nusu nusu. Wewe unakimeza saa 3 na mayai, kinakujibu saa 5. Hesabu hiyo unaiona mwenyewe.

Basi mwulize daktari wako, au muuguzi wa kliniki, kama inafaa kidonge cha kwanza ukimeze unapoamka tu, ukiwa bado kitandani, kwa maji na kipande kidogo cha mkate mkavu au biskuti ili tumbo lisichafuke, halafu chai ya maziwa na mayai vikusubiri baadaye. Usijibadilishie mwenyewe saa wala kiasi. Lakini usiende mikono mitupu pia. Kwa juma moja, mama akuandikie kwenye daftari: saa ya kidonge, saa mwili ulipofunguka, saa ulipoanza kufunga tena. Wewe ni mtu wa hisabati, hata mchoro unaweza kuchora. Daktari akiuona mchoro huo atakuelewa kuliko ukimwambia "asubuhi nateseka". Na la kuanguka umwambie bila kulipunguza, hata kama ni bega tu.

Kuna jambo jingine la alfajiri. Ugonjwa wenyewe, na dawa pia, huweza kuishusha presha ghafla mtu anaposimama. Ukiamka, kaa ukingoni mwa kitanda dakika mbili tatu, chezesha nyayo, ndipo unyanyuke.

Halafu, Mwalimu, acha kuvaa ukiwa kitandani. Godoro linazama, kiuno kinakosa mahali pa kujishikiza, na nusu ya nguvu yako inaishia kukuzuia usiyumbe. Kaa kwenye kiti kigumu chenye mikono, nyayo zote mbili sakafuni, taa ikiwaka. Baba yangu mdogo, aliyekuwa karani Tanga, aliishi na ugonjwa huu miaka 11, na alikataa kiti kwa mwaka mzima kwa sababu aliona ni dalili ya uzee. Siku alipokikubali alivaa kanzu yake ya Ijumaa bila msaada wa mtu. Mpaka leo nikikiona kiti kile cha mninga namkumbuka.

Suruali usiivae umesimama tena. Ukiwa umekaa, pitisha miguu kwenye chupi, vuta mpaka magotini. Pitisha miguu kwenye suruali, nayo vuta mpaka magotini. Ndipo usimame mara moja tu, mkono mmoja ukishika kitu kisichosogea, na mwingine ukipandisha zote mbili kwa pamoja. Kisha kaa tena ndipo ufunge. Mkanda uwe umeshapitishwa kwenye suruali tangu jana.

Upande wako uliokakamaa ni wa kulia. Huo ndio uanze nao unapovaa: mkono wa kulia uingie kwenye shati kwanza, ukiwa na nafasi yote ya nguo, kisha wa kushoto ambao una wepesi wa kuifuata nguo nyuma ya mgongo. Ukivua ni kinyume, wa kushoto kwanza, wa kulia mwisho. Nimeona watu waliohangaika miaka na mikono ya shati kwa sababu tu walianza na upande mzima kwa mazoea.

Sasa tuje kwenye vifungo, maana najua ndivyo vinavyouma. Kuna nchi ambazo maduka yanauza mashati maalumu kwa wagonjwa, kwa bei kubwa. Sisi tunacho kitu bora zaidi: fundi cherehani pembeni ya barabara, anayekujua kwa jina na aliyewahi kukupunguzia suruali. Mpelekee shati moja la zamani, lile usiloliogopea. Mwambie avitoe vifungo vyote na kuvishona upya juu ya matundu yake, upande wa nje, ili kwa macho ya mtu shati lionekane limefungwa. Chini yake, pale vifungo vilipokuwa, ashone vipande vidogo vya velkro, ile inayonatana kwenye viatu vya watoto. Vipande, narudia, asiweke ukanda mmoja mrefu. Ukanda mrefu unafanya shati lisimame kama ubao, na ukiukosea kidogo tu mwanzoni, unanata upogo mpaka chini. Upande laini uwe kwenye pindo la juu, ule unaokwaruza uwe kwenye pindo la chini ukitazama nje, usije ukakugusa ngozi. Na mama akifua, avinatishe kwanza, la sivyo vitakusanya nyuzi za kila nguo iliyomo kwenye beseni.

Utakaa kanisani na shati lenye vifungo sita vinavyong'aa, na hakuna atakayejua.

Vifungo vya mikononi havina haja ya velkro. Fundi avishone kwa uzi wa lastiki. Vitabaki vimefungwa daima, na ukisukuma kiganja vitatanuka kidogo vikupitishe. Suruali aitie lastiki kiunoni upande wa nyuma tu, mbele ibaki kama ilivyo, na kwenye zipu utundike pete ndogo ya funguo ili uivute kwa kidole kizima badala ya kuibana kwa ncha za vidole viwili. Nakusisitizia hili la suruali kwa sababu Parkinson mara nyingi huja na haja ndogo ya ghafla, na huko chooni hakuna muda wa kubembeleza kifungo. Ukisikia watu wanasifu vifungo vya sumaku, jiepushe navyo ikiwa wewe au mtu wa karibu nyumbani ana kifaa cha moyo kilichopachikwa mwilini.

Shati lile usilotaka liguswe na fundi, la harusi labda, lina njia yake. Vifungo vya chini viache vimefungwa tangu lilipofuliwa, vitatu vya juu viwe wazi, livae kwa kichwani kama fulana. Au tengeneza kulabu: waya mwembamba uliokunjwa mfano wa tundu la sindano, ukapachikwa kwenye mpini wa brashi kuukuu. Mpini uviringishe mpira wa tyubu ya baiskeli uwe mnene, mkono unaotetemeka unashika kitu kinene vizuri kuliko chembamba. Unaupitisha waya kwenye tundu, unakinasa kifungo, unakivuta. Ukiwa unafunga, anzia chini, mahali macho yanapofika, kola iwe ya mwisho.

Usidharau kitambaa. Pamba juu ya pamba hushikana, na shati likishikana na singlendi mgongoni hapo ndipo mama anapolazimika kuvuta. Koti liwe na bitana inayoteleza. Na joto la Morogoro tunalijua: ukitoka kuoga jikaushe, kisha kaa dakika chache jasho likate ndipo uanze. Soksi ziwe na mdomo mpana, mguu juu ya kigoda badala ya wewe kuinama mpaka chini. Viatu vya kamba utavivaa ukiziondoa kamba zile na kutia za lastiki zisizofunguliwa, pamoja na kijiko cha kuvalia viatu chenye mpini mrefu. Ndala ziache bafuni kabisa, na hata huko ningependa uvae kitu kinachokamata kisigino. Ndala inadai vidole vya mguu viishike kila hatua, na mguu unaoburuta hauwezi kazi hiyo. Soli ya raba inayonata sakafuni nayo ni mbaya kwako, mguu ukichelewa kunyanyuka unakwama na mwili unatangulia.

Hatua zenyewe zinahitaji akili yako yote. Lile lililokuwa likijiendesha lenyewe kwa miaka 60 sasa linataka kuamriwa. Kabla ya kugusa shati, fungua viganja kwa nguvu, tandaza vidole kadiri vinavyoweza kwenda, funga, mara kumi. Ugonjwa huu unafanya kila mwendo uwe mdogo bila mwenyewe kujua, kama mwandiko wako, kwa hiyo uukusudie mwendo mkubwa kuliko unaodhani unatosha. Kisha sema kwa sauti: kulia, ingiza, vuta. Kushoto, ingiza, vuta. Utaona ajabu namna sauti yako mwenyewe inavyoupa mkono mwendo. Ukiganda katikati, simama, vuta pumzi, hesabu moja mpaka tatu, anza upya. Hasira inaongeza kutetemeka, hilo umeshalipima mwenyewe Jumapili zile.

Hapa naomba mama asogee asome.

Mama, shikamoo. Najua unavuta mkono wake kwa mapenzi na kwa kengele ya kanisa inayolia. Lakini unapomuuliza funguo ziko wapi, unachukua akili ileile anayoitumia kusogeza vidole, na vidole vinasimama. Sadaka, funguo, redio, simu, vyote vimalizwe jana usiku. Nguo zipangwe jana usiku pia, juu ya kiti, ya kwanza kuvaliwa ikiwa juu. Mkono usiuvute. Ushikilie ule wa shati wazi umsubiri, yeye ausukume mwenyewe. Kaa pembeni yake, ubavuni, mkiangalia upande mmoja. Mtu akikusimamia mbele kukuvisha, hata mimi ningejiona mtoto. Na ukitaka kumsaidia kifungo, hesabu kimoyomoyo mpaka kumi na tano kwanza. Mara nyingi kwenye kumi na mbili atakuwa amekipata.

Mwalimu, nimefika kwenye swali lako. Hujafika pa kuvishwa na kuvuliwa. Ila sitakudanganya kwamba kiti na velkro vitamaliza kila kitu. Zipo asubuhi ambazo dawa itachelewa bila sababu unayoiona, na ugonjwa huu husogea mbele hata kama ni polepole. Asubuhi kama hizo, mkubalie mama akuvishe. Nakwambia kwa moyo wangu wote: ukitumia saa mbili kushinda vifungo, ukafika kanisani huna nguvu ya kusimama wakati wa Injili, umeibiwa misa. Wewe ndiye mwenye haki ya kuamua nguvu zako za asubuhi zinakwenda wapi. Mkubaliane mapema, siku ambayo hakuna anayewahi popote, yapi ni yako na yapi ni yake. Baba mdogo na mkewe walikubaliana hivi: kola na viatu ni vya mke, vilivyobaki havigusi mpaka aitwe. Waliacha kugombana wiki ileile.

Kuhusu kijijini, umesema huliamini neno lao, na mimi sitaliongeza uzito. Lakini lina hasara yake kwa wengine. Mwaka 2008 ulichapishwa uchunguzi uliofanyika wilayani Hai, Kilimanjaro, ambako wachunguzi walipita nyumba kwa nyumba kuwatafuta wenye Parkinson. Wengi waliowakuta walikuwa hawajawahi kuambiwa na yeyote kwamba wana ugonjwa huo. Walikuwa wakitetemeka na kukakamaa majumbani, na dawa ipo. Kwa hiyo wageni wakija, tafadhali usijifanye umelala. Kaa sebuleni hata na fulana, useme jina la ugonjwa wako. Huenda aliyeketi mbele yako ana mama kijijini anayedhaniwa amerogwa.

Ukienda kliniki uliza pia kama wana mtaalamu wa tiba kazi. Wengi wanadhani kazi yake ni kwa waliovunjika au watoto tu, kumbe kufundisha mtu kuvaa, kula na kuoga upya ndiyo fani yake hasa. Akikuona ukivaa mara moja kwa macho yake atagundua mambo ambayo mimi, kwa barua, siwezi.

Usianze Jumapili. Anza Jumamosi asubuhi, hakuna misa, hakuna kengele, na lile shati la zamani lililotoka kwa fundi. Jipe dakika 40, na ukimaliza kabla, kaa tu. Na tai usiiache. Fundo lake usilifungue tena: legeza, itoe kichwani, itundike hivyohivyo nyuma ya mlango. Jumapili ipitishe kichwani, ishushe chini ya kola, kisha vuta upande mwembamba kwa mkono wa kushoto.